Je, Wajua? Mtoto wa Lusenda na Swali la "Kwetu ni Wapi?"

Lusenda iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini. Mwaka 2015 ilifunguliwa hapo kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, na tangu wakati huo mtoto wa Kibembe ambaye mababu zake wamezikwa katika milima ya Fizi amekuwa akisoma pamoja na mtoto wa Kirundi ambaye wazazi wake walivuka mpaka na mabegi machache. Mwalimu akiuliza darasa hilo "Nchi yenu ni ipi?", swali ni moja lakini majibu hayawezi kuwa mamoja. Haya hapa mambo yatakayokusaidia kuelewa jinsi mtoto wa shule anavyoijenga nchi kichwani mwake.

1. Hakuna mtoto anayezaliwa akiijua nchi yake

Je, wajua kwamba mapenzi ya nchi hayamo katika damu? Mwaka 1951 jarida la UNESCO lilichapisha utafiti wa mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, na mwenzake Anne-Marie Weil. Waliwahoji watoto wapatao 200 wa Geneva, kuanzia wa umri wa chekechea hadi wa miaka kumi na mitano hivi. Mtoto mdogo, waligundua, hana nchi. Ana nyumba, njia na mahali alipofurahi. Mmoja wao aliipenda Italia kuliko Uswisi kwa sababu alikwenda huko likizoni na keki zake zilikuwa tamu zaidi.

Akikua kidogo, sababu zinahamia kwa familia: naipenda nchi hii kwa kuwa baba na mama ni wa hapa. Baadaye tu, karibu na umri wa kumaliza shule ya msingi, ndipo yanapoingia mambo makubwa kama uhuru, amani au Msalaba Mwekundu. Keki kwanza, wazazi pili, taifa mwisho.

2. Kuna watoto wanaokubali kuwa watu wa mji wao lakini si wa nchi yao

Piaget aliwaomba watoto wachore duara la Geneva na duara la Uswisi. Wadogo walichora maduara mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kama majirani wawili. Wengine walijua vizuri kwamba Geneva imo ndani ya Uswisi, lakini walipoulizwa kama wao ni Waswisi, walikataa: mimi ni mtu wa Geneva, siwezi kuwa vyote viwili kwa mpigo. Ni kuanzia miaka kumi au kumi na moja ndipo wengi walipokubali kwamba kuwa wa mji hakumzuii mtu kuwa wa nchi.

Hebu fikiria kazi aliyo nayo mwanafunzi wa Lusenda. Ana Lusenda, iliyo ndani ya sekta ya Tanganyika, iliyo ndani ya teritwari ya Fizi, iliyo ndani ya jimbo la Kivu Kusini, lililo ndani ya Kongo. Hayo ni maduara matano. Kwa mtoto mkimbizi kuna duara la sita, Burundi, ambalo haliingii ndani ya mengine wala halifutiki. Watoto waliozaliwa kambini mwaka 2015, ilipofunguliwa, sasa wamefikia umri ule ambao Piaget alisema mawazo hukaa sawa. Wao wana maduara mengi ya kupanga kuliko wale wa Geneva.

3. Swali gumu kuliko yote ni "mgeni ni nani?"

Piaget na Weil walikuwa na swali lingine la werevu: ungezaliwa bila nchi yoyote, ungechagua ipi? Mtoto wa Geneva alichagua Uswisi. Kisha wakamwuliza: na mtoto wa Ufaransa angechagua ipi? Wadogo walijibu tena Uswisi, bila wasiwasi, kwa kuwa kila mtu mwenye akili angeona kwamba ndiyo nzuri. Wakubwa walijibu Ufaransa, maana yeye naye ana kwao.

Vivyo hivyo kuhusu ugeni. Kwa mdogo, mgeni ni Mfaransa au Mwitaliano popote alipo, hata akiwa Paris nyumbani kwake. Mswisi hawezi kuwa mgeni mahali popote. Mtoto anavuka hatua kubwa siku anapotambua kwamba yeye pia, akivuka mpaka, anageuka mgeni. Kuna watu wazima ambao hawajaivuka bado. Fizi, kama utakavyoona, imelazimika kuivuka mara kadhaa.

4. Umri peke yake hautoshi

Mwaka 1963 na 1964 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwa watoto wa shule wa Glasgow, Uskoti, wenye miaka sita hadi kumi na moja. Alitaka kuona kama ngazi za Piaget zinasimama imara kila mahali. Hazikusimama. Baadhi ya watoto walipanga vizuri Glasgow, Uskoti na Uingereza mezani lakini wakachanganya maneno; wengine walijibu sawasawa kwa mdomo lakini wakashindwa kupanga. Watoto wa mitaa yenye nafasi walitangulia wale wa mitaa ya wafanyakazi.

Fundisho ni kwamba nchi hujengwa kwa nyenzo ambazo mtoto anazo: ramani ukutani, safari, redio, mzazi mwenye muda wa kujibu maswali. Mtoto aliyevuka mpaka usiku akiwa mgongoni mwa mama yake anaweza kuufahamu mpaka mapema kuliko mwenzake aliyeuona tu kwenye kitabu, hata kama hawezi kuuchora.

5. Watoto huiona sura nzuri kuwa ya kwao

Mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, walifanya jaribio kwa watoto wa nchi kadhaa za Ulaya. Watoto walipewa picha za vijana wasiowajua. Siku moja waliulizwa ni ipi wanaipenda. Siku nyingine waliulizwa yupi kati ya hao ni wa nchi yao na yupi si wa nchi yao. Kwa jumla, picha walizozipenda ndizo walizozipa uraia. Picha hazikuwa na bendera wala jina. Kabla mtoto hajajua historia ya taifa lake hata ukurasa mmoja, ameshajua kwamba walio wazuri ni wetu.

6. Jahoda na Tajfel walikuwa wamepoteza makwao

Jahoda alizaliwa Vienna mwaka 1920 katika familia ya Kiyahudi, akakimbia baada ya Wanazi kuichukua Austria mwaka 1938. Baadaye alifundisha Gold Coast, Ghana ya leo, kabla ya kwenda Glasgow. Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919, akapigana katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, na alipoachiwa akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Kazi yake ya kwanza baada ya vita ilikuwa kuwahudumia watoto Wayahudi waliopoteza wazazi na wakimbizi wengine. Uingereza ilimpa uraia mwaka 1957.

Kwa hiyo baadhi ya maarifa bora tuliyo nayo kuhusu mtoto na nchi yake yalitoka kwa watu waliojua maana ya kupoteza kwao. Si ajabu kama mwandishi bora wa somo hili katika kizazi kijacho atakuwa sasa hivi anasoma kando ya Ziwa Tanganyika.

7. Wenyeji wa leo ni wakimbizi wa jana

Vita vilipoanza Kivu Kusini mwaka 1996, maelfu ya watu wa Fizi, wengi wao Wabembe, walivuka ziwa kwenda Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao. Kuanzia mwaka 2005 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, likaanza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengine walibaki Nyarugusu, na wengine wakahamishiwa Marekani na kwingineko.

Miaka kumi tu baada ya meli hizo kuanza, Warundi wakaingia Fizi wakitafuta hifadhi, na waliowapokea walijua maana ya kupanga foleni ya mahindi na mafuta. Mwaka huohuo wa 2015 Nyarugusu nayo ilipokea Warundi juu ya Wakongo waliokuwamo. Mzazi wa Fizi anayemwambia mwanawe "usimcheke mkimbizi" hasemi maneno ya kitabuni.

8. Mpaka huu huvukwa pande zote mbili

Warundi walikimbilia Zaire (Kongo ya leo), Tanzania na Rwanda kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Walikimbia tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015 baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu. Safari hiyo ya mwisho zaidi ya watu 400,000 waliondoka Burundi. Upande wa pili, Wakongo wa Kivu Kusini wamekuwa wakiishi kwa miaka mingi katika kambi za Burundi kama Gasorwe, Musasa, Bwagiriza na Kavumu. Mwaka 2025, vita vilipoifikia Bukavu na bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi na kuingia Cibitoke, Burundi.

Basi katika muda wa miaka kumi, 2015 hadi 2025, mto mmoja umevukwa na watu wa nchi mbili, kila mmoja akikimbilia alikotoka mwenzake. Swali la tatu hapo juu, la nani mgeni, halina mahali pa kulifundishia panapofaa zaidi ya hapa.

9. Mtoto anaweza "kurudi" mahali ambapo hajawahi kufika

Kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Warundi waliokuwamo wakarudishwa kwao. Lakini wengi wa watoto walikuwa wamezaliwa Tanzania. Wazazi walikuwa wanarudi. Watoto walikuwa wanahama. Hali ilikuwa ileile kwa watoto wa Kikongo waliozaliwa Nyarugusu na kushushwa bandarini Baraka: waliambiwa wamefika nyumbani, nao wakaona mji mpya. Mtoto wa namna hiyo anaijua nchi yake kwa masimulizi kwanza na kwa macho baadaye, kinyume kabisa cha mtoto wa Geneva aliyeanza na keki.

10. Kambi na mji hufundisha nchi tofauti

Mtaalamu wa mila na jamii Liisa Malkki aliishi katikati ya miaka ya 1980 na wakimbizi wa Kihutu wa Burundi waliokimbia mwaka 1972. Wengine walikuwa katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Wengine walikuwa wamejichanganya na watu mjini Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Wa Mishamo, waliotengwa porini pamoja, walikuwa wameijenga Burundi kwa hadithi: asili yetu, mateso yetu, siku ya kurejea. Wa Kigoma hawakuibeba sana historia hiyo. Walioa na kuolewa, walifanya biashara, na wakaitika jina lililowafaa siku hiyo.

Watu walewale, mwaka uleule wa kukimbia, nchi mbili tofauti vichwani. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, wakiwamo wale wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu. Wajukuu wa waliosimuliwa Burundi usiku kucha sasa hupiga kura Tanzania.

11. Mkimbizi wa Lusenda husoma mtaala wa Kongo. Wa Nyarugusu husoma wa kwao

Katika kambi za Tanzania, watoto wa Kirundi wamekuwa wakifuata mtaala wa Burundi na wa Kikongo wakifuata wa Kongo, kwa matarajio kwamba watarudi. Huko Kakuma, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi husoma mtaala wa Kenya. Lusenda imefuata njia ya pili: mtoto wa Kirundi huingia shule za Kongo, pamoja na watoto wa kijiji. Tangu mwaka 2012 UNHCR imekuwa ikihimiza njia hii ya kuwaingiza watoto katika shule za nchi iliyowapokea.

Kila njia ina bei yake. Mtaala wa kwao humwekea mtoto nchi yake hai, lakini humtenga na jirani. Mtaala wa mwenyeji humpa marafiki na cheti kinachotambulika alipo, lakini somo la historia litamwonyesha mito na mashujaa wa Kongo huku nyumbani akisikia habari za Rumonge na Gitega, miji ya Burundi. Mtoto huyo husoma nchi mbili, moja mchana na nyingine jioni.

12. Lugha ya darasa nayo huchora mpaka

Kongo ina lugha nne za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha hizo, au kwa lugha ya mahali, kabla Kifaransa hakijashika usukani. Kivu, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto wa Kirundi angebaki Burundi angeanza kwa Kirundi, kisha Kifaransa, huku Kiswahili na Kiingereza vikiwa masomo tu.

Kwa hiyo Lusenda humwongezea Kiswahili cha mtaani, cha sokoni na cha mpirani. Mtoto wa Kibembe naye ana Kibembe nyumbani. Wakikutana uwanjani, hakuna anayemzidi mwenzake sana: Kiswahili ni lugha ya wote wawili na si ya bibi wa yeyote kati yao.

13. Wimbo wa taifa uliwahi kuwekwa kando kwa miaka ishirini na sita

Asubuhi za shule za Kongo huanza kwa bendera na wimbo Debout Congolais. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Lutumba, na sauti ikatungwa na padri Simon-Pierre Boka, kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1960. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliubadilisha pamoja na jina la nchi. Ukarudi mwaka 1997. Bendera ya sasa, ya samawati yenye nyota ya njano na mkanda mwekundu wa mshazari, ilianza kupepea mwaka 2006.

Burundi nayo ina Burundi Bwacu tangu uhuru wa mwaka 1962, na nyota tatu katika bendera yake husimamia umoja, kazi na maendeleo. Mtoto mkimbizi anaweza kuzijua nyimbo hizo mbili, moja kwa kuiimba kila asubuhi na nyingine kwa kusikia wakubwa wakiiimba. Kuijua ya pili si kuisaliti ya kwanza.

14. Bibi wa Fizi amebadilisha nchi bila kuondoka shambani

Mwanamke aliyezaliwa Fizi mwaka 1950 alizaliwa Kongo ya Kibelgiji. Akiwa na miaka kumi, alikuwa katika Jamhuri ya Kongo. Mwaka 1964 jina likawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wakati huohuo sehemu kubwa ya Fizi ilikuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kupigana upande wao, akaondoka Novemba mambo yalipomwendea vibaya. Mwaka 1971 bibi akawa Mzaire. Mei 1997 akawa tena Mkongo.

Muhogo wake ulikuwa palepale wakati wote huo. Mjukuu akitaka kujua nchi ni nini, bibi huyo ni somo tosha: jina la dola linabadilika upesi kuliko shamba.

15. Saa ya Lusenda ni ya Bujumbura, si ya Kinshasa

Kongo ina majira mawili ya saa. Kinshasa iko nyuma ya mashariki kwa saa moja, ilhali Kivu na Burundi husoma saa ileile. Kwa mstari wa ndege, kutoka Lusenda hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Hadi Bujumbura hazifiki 100. Na ukubwa? Burundi nzima ina kilomita za mraba 27,834. Jimbo la Kivu Kusini peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Mtoto wa Fizi anapoambiwa mji mkuu wake ni Kinshasa, anaombwa aamini mahali ambapo jamaa zake wengi hawajafika, penye saa nyingine na ambako watu mtaani huzungumza Kilingala. Kuiwazia nchi kubwa ni kazi ya akili. Anayeiweza akiwa na miaka kumi anastahili pongezi.

16. Ziwa ni la nchi nne, lakini maji yake hutoka kupitia Kongo

Ziwa Tanganyika ni la Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kongo ina sehemu kubwa zaidi, karibu asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Kina chake hufikia mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal. Maji yake hutoka kupitia mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, huingia mto Kongo na kumalizikia bahari ya Atlantiki. Mpaka umechorwa katikati ya maji, lakini samaki hawaujui, na ndagala wa Rumonge ni ndugu wa ndagala wa Baraka.

Meli nayo imebeba historia hii. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924. Mei 2015 ilikuwa ikiwabeba Warundi kutoka kijiji cha Kagunga kwenda Kigoma. Mtoto wa ukingoni akichora nchi yake bila ziwa, mwombe akamilishe mchoro.

17. Kuzaliwa Lusenda hakumfanyi mtoto kuwa Mkongo

Sheria ya Kongo inataka kila mtoto anayezaliwa ndani ya mipaka yake aandikishwe, naye mzazi ana siku 90 za kutoa taarifa. Cheti cha kuzaliwa kinasema mtoto amezaliwa wapi na kwa nani, hakimpi uraia. Uraia wa Kongo, kwa katiba ya mwaka 2006, ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi, hata kama hajawahi kuiona Burundi. Ndiyo maana karatasi ile ni ya thamani: bila hiyo, atakaporudi anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba ni wa huko.

Majirani wanalijua jambo hili. Wamakonde waliohamia Kenya kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani waliishi Kwale vizazi kadhaa bila uraia, hadi walipoandamana kwenda Nairobi mwaka 2016, na serikali ikawatambua. Watoto wao walikuwa wakiijua Kenya kwa moyo muda mrefu kabla Kenya haijawajua kwa karatasi.

18. Sheria ya dunia inamruhusu mtoto kuwa na nchi mbili moyoni

Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa Novemba 20, 1989, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imfundishe mtoto kuheshimu wazazi wake, lugha na utamaduni wake, nchi anamoishi na nchi anakotoka. Vyote kwa pamoja, bila kumtaka achague. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 nao unadai, katika kifungu cha 22, kwamba mtoto mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Wahenga walionya kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema kwamba mtu hawezi kuwa na kwao kuwili.

Kwa walimu na wazazi

Mwalimu mpendwa, kabla hujaandika ubaoni maana ya nchi, uliza kwanza. Mwombe kila mtoto achore mahali anapopaita kwao, kisha akueleze alichochora: usimsahihishe ukiona mwembe badala ya bendera. Chora maduara ya Lusenda, Fizi, Kivu na Kongo, na umwachie mtoto wa Kirundi nafasi ya kuweka duara lake la Burundi. Kisha uliza swali la Piaget kwa pande zote: ungekuwa kule ng'ambo ya ziwa, nani angekuwa mgeni? Darasa lililo na watoto wa nchi mbili likijibu kwamba kila mmoja wetu anaweza kuwa mgeni mahali fulani, limejifunza uraia zaidi kuliko madarasa mengi yaliyokariri nyimbo na tarehe bila kosa. Nawe mzazi, mwanao akikuuliza kwao ni wapi, msimulie kijiji, ziwa na watu wake. Chuki za wakubwa usimrithishe.